Baraza la Hisabati: Namna ya Kuwakutanisha Walimu wa Hisabati wa Visiwa vya Lamu

Mwalimu anayefundisha hisabati gredi ya saba, ya nane na ya tisa kule Ndau au Kiwayu mara nyingi huwa ndiye mwalimu pekee wa somo hilo shuleni, na pengine hakulisomea chuoni bali alirithishwa ratiba ilipogawanywa na somo likabaki halina mwenyewe. Anapokwama katika mada fulani, hana wa kumuuliza; na siku anapoifundisha mada hiyo vizuri hata darasa zima likaelewa, hana wa kumsimulia. Amu mjini, yaani mji wa Lamu, walimu ni wengi zaidi, lakini hata huku walimu wa shule mbili zilizotenganishwa na kichochoro kimoja wanaweza kumaliza muhula mzima wakiamkiana njiani bila kusemezana neno moja kuhusu akisami au milinganyo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda kikundi kidogo cha walimu wa hisabati kinachokutana mara moja kila baada ya wiki nne, na namna ya kukifanya kidumu. Ninakiita baraza kwa sababu kwetu baraza ni lile kao la mawe mlangoni mwa nyumba, ambapo mtu hukaa bila kupewa kadi ya mwaliko na huondoka akiwa amepata habari. Nimeona vikundi vya namna hii vikianzishwa kwa shangwe na kufa kabla ya muhula wa pili kumalizika, na kwa maoni yangu vilikufa kwa sababu vilikusanyika kuzungumzia alama. Alama humwambia mwalimu kwamba mambo yameharibika, lakini hazimwambii yaliharibikia wapi. Daftari la mwanafunzi humwambia, na kwa hivyo baraza lijengwe juu ya madaftari.

Anza na watu wachache

Usiite mkutano wa kaunti nzima. Tafuta walimu wanne au watano unaoweza kuwafikia kwa miguu, kwa punda au kwa safari moja ya boti, na uhakikishe kwamba hawatoki wote katika ngazi moja. Mwalimu wa gredi ya nne humwona mtoto akipambana na akisami angali mdogo, ilhali mwalimu wa sekondari huyaona matokeo ya pambano hilo miaka kadhaa baadaye, na kwa kuwa wawili hawa hawakutani, kila mmoja hubaki kumlaumu mwenzake kimoyomoyo. Wakikaa mkeka mmoja na kulitazama kosa moja, lawama hupungua zenyewe, kwa sababu wa sekondari hutambua kwamba kosa lile lina historia, na wa msingi hutambua kwamba njia ya mkato aliyowapa watoto ili wapite mtihani wa Ijumaa inakuja kuwaangusha mbele.

Kabla ya kikao cha kwanza, nenda kwa mwalimu mkuu wako, kisha kwa afisa wa mtaala wa kanda yenu, uwaeleze unachotaka kufanya na, muhimu zaidi, usichotaka kufanya. Waeleze kwamba baraza si sehemu ya tathmini ya utendakazi ambayo walimu huijaza kwa ajili ya Tume ya Huduma ya Walimu, na kwamba yatakayosemwa hapo hayataingia katika faili la mtu yeyote. Mwalimu anayehofia kuandikwa hatakubali kusema kwamba yeye mwenyewe haelewi kwa nini kugawanya kwa akisami hufanywa kwa kugeuza na kuzidisha, nalo hilo ndilo jambo ambalo baraza linataka lisemwe. Afisa akitaka kuhudhuria, mkaribisheni, ila naye aje na daftari la mtoto kama wengine.

Jambo moja zaidi kuhusu mwanzo: msianze na katiba, uchaguzi wa mwenyekiti na fulana. Nimewahi kukaa katika kikao cha saa mbili na nusu kilichojadili jina la chama, na hesabu hata moja haikuguswa.

Maji, nauli na kalenda

Katika visiwa vyetu ratiba haipangwi kwa saa ya ukutani peke yake. Mwalimu anayetoka Faza au Siyu kuja Amu hupita Mkanda, mkondo mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakitoka boti hulazimika kungoja. Na Siyu kwenyewe chombo huingia kwa kijito cha mikokoni ambacho hakipitiki maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa yametoka katikati ya asubuhi, kwa hivyo ukiita kikao saa nne siku hiyo utakuwa umewaita wenzako waje kukaa juu ya fungu la mchanga. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, bahari hujaa wakati huohuo wa asubuhi, ingawa haijai kwa wingi, na Jumamosi iliyo karibu na maji mafu ndiyo inayofaa zaidi kwa wanaotoka mbali.

Hesabu yake ni rahisi na kila baraza linapaswa kuijua. Maji kujaa huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 na nusu kila siku, na kati ya kujaa mara moja na kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hivyo mkikutana kila baada ya wiki nne, maji siku ya kikao yatajaa mapema zaidi kwa takriban saa moja na robo kuliko kikao kilichotangulia. Ikiwa kikao cha kwanza maji yalijaa saa sita mchana, cha pili yatajaa karibu saa tano kasorobo, cha tatu saa tatu na nusu, na cha nne saa mbili na robo asubuhi, ambapo wageni watalazimika kuondoka alfajiri au kulala. Andikeni tarehe zote za muhula mapema, mpelekee nahodha mnayemwamini, na akisema siku fulani haifai, msibishane naye kwa fomula; yeye anajua upepo, ambao fomula hii haikuuingiza.

Kuhusu upepo, kusi huichafua bahari, hasa kati ya Juni na Agosti, na miezi hiyo ni busara baraza ligawanyike mara mbili: walimu wa kisiwa cha Pate wakutane Faza au Siyu, na wa Amu, Shela na Matondoni wakutane Amu, kila upande ukishughulikia swali lilelile na kubadilishana matokeo baadaye. Msiweke kikao Ijumaa, wala katika kumi la mwisho la Ramadhani, wala katika siku za Maulidi ya Mfungo Sita ambapo mji wa Amu hufurika wageni. Walimu wa Hindi, Mpeketoni na Witu, ambao safari yao ni ya barabara, ni heri wawe na baraza lao, kisha pande zote zikutane Mokowe mara moja kwa muhula, kwa kuwa pale ndipo gari na boti hukutana. Na kila anayepanda chombo avae jaketi la kujiokolea, hata kama amezaliwa baharini.

Kikao kisizidi saa mbili. Nahodha hamngojei mtu aliyebaki kwenye mlinganyo wa mwisho.

Madaftari matatu

Kila mwalimu aje na madaftari matatu ya wanafunzi wake, yasiwe ya wanaoongoza darasa wala yote yasiwe ya wanaoshika mkia, na majina yafunikwe kwa karatasi. Yatandazeni mkekani, kisha kaeni kimya kwa dakika kumi kila mtu akisoma kurasa za wanafunzi asiowafundisha. Kimya hiki ni kigumu mwanzoni, kwa sababu mwalimu akiona kosa huwa tayari ameshika kalamu nyekundu moyoni, lakini msikivunje. Baada ya hapo swali ni moja tu: mtoto huyu aliwaza nini hata akaandika hivi? Si ruhusa kujibu kwamba hakusoma, hakusikiliza au ni mvivu. Huenda ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mwalimu kujua aingie darasani Jumatatu na nini.

Chukueni mfano wa desimali. Mtoto ameambiwa achague iliyo kubwa kati ya 0.35 na 0.4, naye amechagua 0.35, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4. Kosa hili kila mwalimu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mwenzake aliyechagua 0.4, na akapewa alama, huenda amekosea vilevile: yeye anaamini kwamba desimali yenye tarakimu nyingi ni ndogo daima, kwa kuwa amesikia kwamba sehemu za elfu ni vipande vidogo kuliko sehemu za kumi. Hapo baraza linaweza kutunga swali linalowatenganisha watoto hawa. Wapeni nambari tatu, 0.5, 0.62 na 0.125, wazipange kuanzia ndogo. Wa kwanza ataandika 0.5, 0.62, 0.125, wa pili ataandika 0.125, 0.62, 0.5, na anayeelewa ataandika 0.125, 0.5, 0.62. Swali moja, majibu matatu, na kila jibu linasema wazi lilitoka kichwa cha namna gani. Tiba nayo si lazima itoke mbali: leteni utepe wa kupimia wa fundi seremala, watoto waonyeshe 0.5 ya mita, 0.62 ya mita na 0.125 ya mita, kisha waulizwe tena. Kutunga swali la namna hii huwachukua walimu watano nusu saa. Mwalimu mmoja peke yake angeweza kufundisha miaka kumi bila kulipata.

Mfano mwingine ni alama ya kuwa sawa. Andika 8 + 4 = __ + 5, uwape watoto wa gredi ya tano au ya sita. Wengine watajaza 12, wengine 17, na ni baadhi tu watakaojaza 7. Anayejaza 12 anaichukulia alama ile kuwa amri ya kutoa jibu, si mizani yenye pande mbili, na kwa kuwa miaka yote amepewa maswali ambayo jibu hukaa upande wa kulia, hana kosa kubwa la kulaumiwa. Mwalimu wa sekondari akiliona hili ndipo anapofahamu kwa nini aljebra yake haishiki.

Akisami zinastahili kikao kizima, au hata viwili, kwa sababu kwetu mtoto hukutana nazo mara mbili bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Katika somo la Kiswahili hukariri nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, kama orodha ya msamiati. Katika somo la hisabati, ambalo kuanzia gredi ya nne hufundishwa kwa Kiingereza, huandika kiasi juu ya asili na kuanza kujumlisha asichokiona. Kuna mahali pa tatu ambapo maneno haya yana uzito, nako ni mirathi. Mume amekufa akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na baba yake alikwisha tangulia. Mke hupata thumuni, mama hupata sudusi, na mtoto huchukua baki. Shamba lina minazi 48. Mke atapata 6, mama 8, na mtoto 34. Sasa mrudieni yule mwanafunzi aliyejumlisha 1/8 na 1/6 akapata 2/14. Mwulizeni 2/14 ni sawa na nini. Atasema 1/7, yaani subui. Kisha mwulizeni ni ipi kubwa, sudusi ya mama peke yake au subui ya mama na mke pamoja. Mtoto huyu hatahitaji kuambiwa kwamba amekosea, kwani ataliona mwenyewe mama akipokonywa minazi yake. Jumla sahihi ni 7/24, na baki ni 17/24. Walimu wenye madarasa ya watoto wa dini mbalimbali wanaweza kuweka mgao wa samaki wa chombo badala ya mirathi. Kinachotakiwa ni kwamba akisami iwe haki ya mtu fulani, ili kuikosea kuwe na mtu anayedhulumika.

Katika kazi hii ya madaftari mtagundua kwamba baadhi ya makosa ni ya lugha tu. Mtoto akiulizwa kwa Kiingereza somo linaanza saa ngapi, naye akaandika 2:20 mahali pa 8:20, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara huenda akasema kwamba hajui kusoma saa, kumbe anaijua vizuri ile inayohesabiwa tangu kucha, na kilichobaki ni kumwonyesha kwamba namna hizo mbili za kuhesabu saa zinapishana kwa saa sita. Neno pembe kwa mtoto ni ya ng'ombe na ya chumba kabla ya kuwa kipimo cha mzunguko, na mtoto anayeomba nusu kubwa ya andazi bado hajakubali kwamba nusu lazima ziwe sawa. Wekeni kurasa za mwisho za daftari la baraza kwa maneno ya namna hii. Mwalimu mgeni akipewa kurasa hizo wiki yake ya kwanza ataepushwa na mengi.

Mwisho wa sehemu hii kila mwalimu aandike jambo moja atakalojaribu kabla ya kikao kijacho. Moja, si matatu.

Walimu nao wafanye hisabati

Nusu saa ya mwisho iwe ya walimu kufumbua fumbo lao wenyewe, lisilohusu mtihani wala darasa. Wako wanaoona kwamba huu ni upotezaji wa muda. Mimi ninaona kwamba mwalimu aliyesahau ladha ya kukwama na kisha kukwamuka hawezi kumvumilia mtoto aliyekwama. Wazo hili limejaribiwa kwingine: huko Palo Alto, California, mwaka 2006, Taasisi ya Hisabati ya Marekani ilianza kuwakutanisha walimu wa shule na wanahisabati kwa kusudi hilohilo la kufumbua mafumbo pamoja, na mikutano ya namna hiyo ikaenea hadi majimbo mengine.

Fumbo zuri huanza kwa swali ambalo mtoto angelielewa na huishia mahali ambapo hata aliyesomea shahada anakuna kichwa. Letu la kuanzia laweza kutoka majini. Leo maji yamejaa saa nne asubuhi. Baada ya siku ngapi yatajaa tena saa nne asubuhi, au karibu yake? Mmoja ataona kwamba duru ya saa ina saa 12, yaani dakika 720, akagawanya kwa 50 na kupata siku 14.4. Mwingine atasema la, kinachogawanywa ni dakika 745, kwa kuwa maji yanayokuja kushika nafasi ya saa nne ni yale yaliyotangulia kwa saa 12 na dakika 25, na atapata 14.9. Waacheni wabishane, wachore, wahesabu siku moja moja kwenye karatasi. Wa pili ndiye aliye sahihi, na jibu lake la karibu nusu mwezi ndilo linaloeleza kwa nini bamvua huja na saa zake zilezile kila mara, jambo ambalo mvuvi wa Kizingitini hulijua bila kugawanya chochote. Atakayeuliza kwa nini tumepata 14.9 na si 14.77, ambayo ndiyo nusu ya mwezi wa angani, apongezwe na aachiwe kazi ya nyumbani: dakika 50 ni makadirio, na kuchelewa kwenyewe huzidi hapo kidogo.

Kuingia darasani mwa mwenzako

Baraza likishapita vikao vitatu au vinne, na watu wakazoeana, liko tayari kwa hatua ya kufundisha mbele ya wenzao. Wajapani wana desturi ya muda mrefu waiitayo jugyō kenkyū, ambapo walimu hupanga somo moja pamoja, mmoja wao hulifundisha na wengine hutazama, kisha wote hulichambua na kulipanga upya. Kenya si ngeni kwa fikra hii. Mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani uliwaletea walimu wetu wa hisabati na sayansi utaratibu wa panga, tenda, tazama, boresha, na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza mafunzo hayo hadi leo. Tofauti ni kwamba mafunzo ya kitaifa humfikia mwalimu mara chache, ilhali baraza lipo karibu naye muhula mzima.

Chagueni somo dogo. Mathalani, watoto wa gredi ya sita wapewe chumba cha nyumba ya mawe chenye urefu wa mita 7, dari lake libebwe na boriti za mikoko zilizolazwa kila baada ya sentimita 35, nao waseme boriti ngapi zitatosha. Vyumba vya Amu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake hutegemea urefu wa boriti, kwa hivyo watoto wengi wamelala chini ya jibu hilo tangu kuzaliwa. Sentimita 700 ukizigawanya kwa 35 unapata 20, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa boriti huuzwa kwa korija, korija ni 20, na jibu linaonekana limekamilika na kupendeza. Lakini 20 ni idadi ya nafasi, si ya boriti. Kama kila mwisho una boriti, zinahitajika 21 na korija moja haitoshi. Kama kuta zenyewe zinashika mwisho, zinatosha 19 na moja inabaki. Walimu, mnapopanga, jiulizeni mapema: mtoto akisema 20 tutamjibu nini? Tukimwambia amekosea, tumemaliza somo. Tukimpa vijiti vitano na kumwambia avipange kila baada ya shibiri moja kisha ahesabu nafasi, somo ndiyo kwanza linaanza.

Siku ya somo lenyewe, watazamaji wasikae nyuma ya darasa kama wakaguzi. Kila mmoja akae kando ya watoto wawili au watatu, aandike wanachosema na wanachochora, asiwasaidie hata akiombwa kwa macho. Mnatazama watoto, mwalimu anayefundisha hatazamwi. Baadaye, katika mazungumzo, aliyefundisha ndiye azungumze kwanza, kisha wengine watoe waliyoyaandika, na sentensi inayoanza kwa "ungefanya" isitamkwe. Somo hilohilo lirudiwe na mwalimu mwingine katika shule nyingine baada ya kurekebishwa, na hapo ndipo utakapoona watu waliokuwa wazito kufunguliana milango wakianza kualikana.

Simu kati ya vikao

Kundi la WhatsApp linafaa, kwa masharti. Liwe la walimu wa baraza tu, lisiwe na salamu za asubuhi, matangazo wala siasa, na liwe na swali moja kwa wiki, linalowekwa na mtu ambaye zamu yake imefika: picha ya kazi ya mtoto, jina likiwa limefunikwa, na chini yake lile swali letu la aliwaza nini. Mtandao haushiki sawasawa katika vijiji vyote, na mwalimu wa Kiangwe au Mararani huenda asiione picha hadi siku ya tatu, kwa hivyo majibu yasifungwe haraka na asiyejibu asiulizwe yuko wapi. Kwa asiye na simu ya kisasa, swali liandikwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida, hata kama mchoro itabidi uelezwe kwa maneno. Kulieleza umbo la pembetatu kwa maneno matupu ni zoezi zuri kwa anayetuma pia.

Fedha, zamu na uhamisho

Anayetoka mbali asiadhibiwe kwa umbali wake. Jumlisheni nauli za wote, mgawanye sawa. Ikiwa nauli za kikao zimefika shilingi 4,200 na mko saba, kila mmoja atoe 600, aliyevuka bahari na aliyekuja kwa miguu, na aliyechanga zaidi ya nauli yake atambue kwamba kikao kijacho huenda ni yeye atakayesafiri. Mwenye nyumba au shule ya zamu atoe kahawa na mahamri, basi. Kuhusu posho, nitasema niliyoyaona: kikundi kimoja nilichokuwemo kilipata mfadhili aliyewalipa wahudhuriaji kwa muhula mmoja, mahudhurio yakapanda, na fedha zilipokoma hata wale waliokuwa wakija bure kabla yake waliacha kuja. Mfadhili akijitokeza, mwombeni nauli, karatasi na tepu za kupimia.

Uongozi uwe wa zamu, kila kikao na mwendeshaji wake, lakini mtunza daftari awe mmoja kwa mwaka mzima. Daftari la baraza liandikwe kwa kila kikao tarehe, kosa lililochunguzwa, jambo ambalo kila mwalimu aliahidi kulijaribu, na katika kikao kinachofuata, lilikwendaje. Yaliyoshindikana yaandikwe kwa urefu kuliko yaliyofaulu, kwa sababu ndiyo watakayoyauliza wageni.

Walimu wetu huhamishwa, na baraza linaweza kupoteza nusu ya watu wake katika likizo moja. Kila mmoja anapopata barua ya uhamisho, apige picha kurasa zote za daftari aende nazo aendako, na kama alikuwa mtunza daftari akabidhi daftari lenyewe mkononi mwa mwenzake kabla ya kupanda boti ya Mokowe. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa uwe na mambo mawili tayari: tarehe ya kikao kijacho, na saa ya maji kujaa siku hiyo.